Lebo ya Kapalamsenga

Mpanda, Agosti 1998

Mzee Leonsi,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, kwa ile sauti yako ya puani uliyokuwa ukiitoa umeinamia hadubini na hutaki kusumbuliwa. Mlinzi amepita dirishani akanikuta naongea peke yangu, akatingisha kichwa akaenda zake. Mwache. Hapa kituo cha utafiti walishakubali kwamba chumba cha wadudu hakikai mtu mwenye akili zake zote, na wewe ndiye uliyewazoesha.

Nakuandikia nimekaa kwenye kiti chako. Samahani. Miezi mitano nimekaa kwenye stuli yangu ileile, kiti chako nikakipangia madaftari juu ili mtu asithubutu. Wiki iliyopita mkuu wa kituo akaja na mgeni wake, akayatoa madaftari akayaweka sakafuni, mgeni akakaa. Nilipandwa na hasira mpaka nikatoka nje kuvuta pumzi. Walipoondoka nikasema, kama ni kukaliwa, basi nikikalie mimi. Kumbe kinayumba mguu wa nyuma, na miaka yote hukuwahi kulalamika.

Habari za nyumbani kwako Kawajense ni nzuri. Mama Anjela yupo, baridi hii inamsumbua magoti lakini mahindi amevuna. Anjela amejifungua mtoto wa kiume, na jina alilopewa unalijua, sina haja ya kukuambia. Treni ya Tabora imerudia safari zake baada ya zile mvua za elinino. Sanduku moja la vipepeo liliingiliwa na vile vijidudu vinavyokula wadudu wakavu, nikakuta vumbi na pini zimesimama hazina kitu. Nimefukiza makabati yote kama ulivyonifundisha na nyufa nimeziziba kwa nta. Wale uliowapenda wapo salama.

Unanijua, Mzee. Nikianza na habari ndogo nyingi, ujue kubwa naizunguka. Basi ngoja niiseme kabla sijaenda kuchemsha chai. Nilikudanganya. Ni kuhusu yule mdudu, yule dundu wa mavi. Uongo wenyewe ulikuwa wa maneno mawili, ukaubeba miaka miwili, ukafa nao.

Lakini sitaki kuanzia hapo. Nataka kuanzia siku ya kwanza, maana ndiyo inayonishtaki zaidi.

Nilikuja na cheti cha kidato cha nne na kile kikaratasi cha ruhusa ya kutoka makazi ya wakimbizi kule Katumba. Nguo yangu nzuri nilikuwa nimeivaa, nimejipaka mafuta, nikidhani utaniuliza maswali ya biolojia. Hukuuliza kitu. Ulinipa kopo na nusu saa, ukasema nikuletee wadudu kumi wasiofanana. Nilikimbia uwanja mzima na ile sketi. Nikarudi na kumi na wanne, najiona nimefaulu. Ukamchukua wa kwanza kwa kibano ukauliza: wapi? Nikasema, pale nje. Ukamchukua wa pili: wapi? Nikasema, kwenye majani, nadhani. Wa tatu sikukumbuka. Ukafungua dirisha ukawamwaga wote kumi na wanne nje, na mimi machozi yakanilenga.

"Mdudu bila mahali ni uchafu tu," ukaniambia. "Nenda tena."

Nilienda tena, na nikaajiriwa. Watu wa Kawajense walisema tulifanana, mzee aliyekuwa anahesabu mbung'o na msichana wa mavi. Hilo jina la pili lilinishika kwelikweli. Nani atasahau ile ndoo? Kila safari tulikuwa tunabeba mavi mabichi ya ng'ombe kwenye ndoo yenye mfuniko, chambo cha mitego, na kila lori tulilopanda abiria walianza kunusa na kutazamana. Wewe ulikuwa unanusa nao. Kuna siku ulimgeukia mama mmoja ukamuuliza kwa upole kama dagaa zake zimeoza, na yule mama akaanza kuzikagua kweli. Nilicheka mpaka nikaumwa mbavu.

Na ulipokuwa huchekeshi, ulikuwa unafikiri. Mimi sikuwahi kukaa na mtu aliyefikiri namna ile, taratibu, swali moja miaka mingi. Ng'ombe wamefika Mpimbwe juzi, ulikuwa unasema, wamekuja na Wasukuma kutoka kaskazini, wengine tumewaona kwa macho wakishuka na mifugo. Lakini dundu wa mavi walikuwepo hapa tangu nyati na tembo walipoanza kwenda haja. Sasa basi. Mnyama mgeni akija na mavi yake mapya, ni dundu gani atayakubali, yupi atarudi porini, na yupi amekuja na mgeni mwenyewe? Hilo ndilo lililokufanya ufukie makopo ya mitego toka ufukweni mwa ziwa mpaka Mpimbwe. Ulisema mwili wa dundu ni kama barua ya zamani, pembe yake na miguu yake vinaeleza mababu zake walichimba udongo gani na walikula kwa nani. Ila barua hiyo haisomeki kama hujui ilitumwa kutoka wapi. Ndiyo maana lebo.

Mara ya kwanza kukiona kibali changu ulikigeuza mbele na nyuma. Kilitaja jina langu, idadi ya siku, na sehemu moja tu ninayoruhusiwa kuwepo. Ukasema dundu ana bahati, hakuna anayemuuliza karatasi. Nilicheka kwa heshima. Mzee, dundu mmoja aliulizwa karatasi, na aliyemuuliza ni mimi.

Ilikuwa mvua za mwaka tisini na sita. Ulinituma Kapalamsenga, kule ziwani, peke yangu, mara ya kwanza kuniamini hivyo, na kibali kikaandikwa siku kumi, Kapalamsenga, sababu utafiti. Kazi ya mitego ilikuwa siku saba. Niliifanya yote, asubuhi na jioni, hesabu zile ni za kweli na unaweza kulala nazo. Zilibaki siku tatu za njiani na za kupumzika.

Dada yangu Goreti alikuwa amejifungua Kibaoni, kule Mpimbwe. Sikuwahi kukueleza vizuri habari za Goreti. Aliolewa na fundi mwashi wa huko, na mimba mbili za kwanza zilitoka. Hii ya tatu mtoto alilia. Kwetu mwanamke akijifungua, ndugu zake wanakwenda kumhemba, maana yake wanambebea chakula na kinywaji, wanakaa naye, wanamshika mkono, ili asijione amezaa peke yake porini. Mama yetu alishafariki. Baba hakuweza kusafiri. Nisipokwenda mimi, Goreti angekaa na kile kitoto akitazama mlango usiofunguliwa na mtu wa kwao. Kuomba kibali kingine niliona ni wiki nzima na pengine wangekataa. Hivyo nilishuka lori moja hapa Mpanda nikapanda jingine siku ileile la kwenda kusini, kichwa nimekifunika kitenge ili mtu wa kituo asinione, na kwenye kapu nina unga wa mtama, maharage na samaki wakavu wa ziwani.

Sijutii kwenda. Nakuambia wazi, hata leo ningekwenda. Goreti aliponiona alilia mpaka mtoto naye akaamka.

Asubuhi yake nilitoka kwenda kuomba maziwa kwa mama mmoja wa Kisukuma, boma lake liko nyuma ya nyumba ya shemeji. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri. Nimeshika kibuyu, nasubiri mama yule amalize kukamua, nikatazama chini kwa sababu wewe umeniharibu, siwezi tena kusimama karibu na mavi nikatazama juu. Na pale kwenye bonge bichi akatokea dundu. Mdogo, ukubwa wa punje ya mahindi, mgongo wa rangi ya shaba, na pembe moja nyembamba iliyopinda nyuma mpaka karibu iguse shingo. Sikuwa nimemwona kwenye sanduku lolote. Mkono ulitangulia akili. Nilimfunga kwenye kipande cha karatasi ya sukari nikamtia kwenye kikopo, na penseli iliyokuwa kwenye pindo la kitenge sikuitoa. Ndiyo mara pekee katika maisha yangu ya kazi sikuandika papo hapo. Nilijiambia nitaandika baadaye, na nadhani nilishajua kwa nini siandiki.

Siku ya kufungua vifurushi tulikaa hapa, wewe kwenye kiti hiki, mimi kwenye stuli na daftari. Ulifungua kimoja kimoja, ukitaja mimi naandika. Ukafika kwenye karatasi ya sukari. Ukaivuta lenzi iliyoning'inia shingoni, ukamgeuza yule dundu, ukamgeuza tena. Nilisikia pumzi yako inabadilika. Bila kunitazama ukauliza:

"Wapi?"

Mzee, kwenye lile swali moja nilipita sehemu nyingi. Lebo itabeba jina langu na siku. Nakala ya daftari inakwenda kwa mkuu wa kituo. Ikiandikwa Kibaoni na siku ile, nimejitolea ushahidi mwenyewe kwa maandishi kwamba nilikuwa nje ya kibali. Kibali kijacho sitapewa, na mtu asiye na kibali hafanyi kazi ya porini. Nikaona narudi Katumba na cheti changu na nguo yangu nzuri.

"Kapalamsenga," nikasema.

Ukauliza kwenye mavi ya nini. Nikasema ya kiboko. Uongo haujui kuzaa mtoto mmoja.

Ukachukua kile kikaratasi kidogo kuliko ukucha, ukachovya kalamu, ukaandika kwa ile hati yako ndogo iliyonyooka. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote. Uongo ni wangu lakini mwandiko ni wako. Ukampiga pini na lebo yake, ukavua miwani ukaifuta na shati, na ulipoivaa tena ulikuwa na uso wa mtu aliyepata barua kutoka kwao.

Dokta Mwanaidi wa chuo kikuu Dar, uliyempelekea yule dundu, alijibu baada ya miezi mitatu. Alisema hajawahi kumwona wa namna hiyo, na pengine hakuna aliyewahi kumwandika wala kumpa jina la kisayansi, lakini mmoja hatoshi, tafuteni wengine. Alitaka wakipatikana wa kutosha, dundu huyo apewe jina lako. Wewe ukakataa, ukasema mdudu aitwe kwa kijiji chake, jina la mtu linakwenda na mtu. Ukaniomba nikusaidie kuiandika barua ya kumjibu hivyo, na mimi nikaiandika. Nilikuuliza tu kama koma iwekwe hapa au pale.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, ilikwenda Kapalamsenga na kurudi mara tatu, na aliyeitembea ni wewe.

Mara ya kwanza ulirudi unacheka, ukasema wamejificha. Mara ya pili ulikaa wiki tatu, ukafuata nyayo za viboko mpaka wavuvi wakakuonya. Ukaanza kujenga hoja. Dundu yule ni mwenyeji wa kale, ulisema, pembe yake si ya ufukweni, ni ya nyanda, ni ya nyati, sasa anafanya nini kwenye mavi ya kiboko? Ulijiuliza hivyo mbele yangu, kwa sauti, ukizunguka chumba. Jibu lilikuwa limekaa kwenye stuli likichonga penseli.

Nilijaribu kukuzuia ile safari ya tatu. Nilisema mvua ni kubwa mno, barabara imekatika, tusubiri. Kila sababu niliitoa isipokuwa ile moja ambayo ingekuzuia. Ukaenda Januari. Ulirudi juu ya lori la dagaa umelowa mpaka mifupa, ukakataa kubadilisha nguo, ukaja moja kwa moja hapa. Ndoo ukaiweka mlangoni. Ukakaa.

"Macho yangu yamekwisha, Spesi," ukaniambia. "Wewe umemwona siku saba. Mimi miaka thelathini kwenye wadudu, simwoni."

Ukaivua lenzi shingoni ukanivisha mimi. Nilifungua mdomo, Mzee. Naapa nilifungua. Na Mama Anjela akaingia na nguo kavu akikugombeza, na mimi nikaufunga. Kuanzia siku hiyo hukuinamia tena hadubini. Ulinipa kila kitu nikuangalizie, ukinisikiliza ukiwa umefumba macho, ukiniamini. Machi kifua kikakubana. Watu wanasema ni ile mvua, wengine wanasema ni umri. Mimi sijui, na namwogopa mtu atakayekuja na uhakika.

Msibani nilikuwa jikoni na wanawake, nasonga ugali. Kila mtu aliyekuja alinipa pole kama mtoto wako. Niliipokea. Nilikuwa na lenzi yako ndani ya blauzi na ilinichoma siku nzima.

Aprili ikaja barua ya Dokta. Ameamua asisubiri tena, atamwandika kwenye makala kwa huyo mmoja, kwa heshima yako, na jina litatokana na Kapalamsenga kama ulivyotaka. Alihitaji kitu kimoja tu. Kwa kuwa wewe umeondoka, mimi niliyemwokota nithibitishe kwa maandishi mahali na aina ya mavi. Unajua jina likishachapishwa halifutiki. Mtu wa miaka mia ijayo atakwenda Kapalamsenga na kopo lake, atafukia, atasubiri, na yeye atarudi anadhani macho yake yamekwisha.

Nilikaa na ile barua siku nne. Upande mmoja nilikuona wewe. Upande wa pili niliona makabati yote haya, kazi yako yote, maana mtu akijua lebo moja ni ya uongo atauliza za mwandiko huo nyingine nazo je? Ningekuchafua wewe ili nijisafishe mimi. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na nilitamani liwe kweli ili ninyamaze kwa heshima. Siku ya tano nikajua nahangaikia stuli yangu tu.

Mvua zilikuwa zinaisha na dundu hupotea kiangazi. Nikaenda ofisi ya makazi kuomba kibali cha Kibaoni. Karani akaniuliza sababu, nikasema utafiti, na kumwona dada yangu. Akaandika vyote viwili. Hakuinua hata kichwa. Ilichukua muda wa kuchemsha maji, Mzee. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi nikalia, na watu waliokuwa kwenye foleni wakadhani nimenyimwa.

Boma lipo palepale, mama yule yupo palepale, na kibuyu kilekile. Siku ya pili nilimpata mmoja, ya tatu wawili. Nikamwomba askari wa hifadhi anisindikize mpakani mwake, pale nyati wanapotoka asubuhi kunywa maji. Kwenye mavi ya nyati walikuwa wengi, Mzee. Nilipiga magoti nikawatazama kwa lenzi yako na nikakuita jina lako kabisa, mpaka askari akashika bunduki vizuri. Ni mwenyeji wa nyati. Ng'ombe walipofika jirani, baadhi yao wakavuka wakaonja, wakakaa. Ulilosema ni kweli lote, mpaka pembe. Ulikosea kijiji tu, na hukukikosea wewe.

Kabla ya kumwandikia Dokta nilikwenda kwa Mama Anjela. Alikuwa anapepeta mchele uani. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu niliona sistahili kukaa. Nilieleza yote, Goreti, kibali, kiboko, safari tatu. Hakuacha kupepeta. Nilipomaliza aliweka ungo chini.

"Kwa hiyo macho yake yalikuwa mazima," akasema.

Nikasema ndiyo, Mama. Akajifunika uso kwa khanga. Aliniambia miezi yako ya mwisho ulikuwa unamwomba akushike mkono kwenda chooni mchana kweupe, si kwa sababu huoni, kwa sababu ulikuwa huamini tena unachokiona. Hilo sikulijua. Hakunifukuza wala hakunikumbatia. Alisema nikaandike ninachotakiwa kuandika, halafu nije nikuambie wewe mwenyewe, yeye hatanisemea.

Ndiyo sababu ya barua hii. Imenichukua muda kwa sababu nilisubiri nije na majibu.

Jibu la Dokta lilifika Julai, mistari sita. Hakunitukana, lakini hakunipa hata salamu. Makala ameisimamisha. Kila lebo yenye jina langu niilinganishe upya na daftari na kama inawezekana na mahali penyewe, na ripoti nimpelekee. Kama nitaendelea na kazi itajulikana baada ya hapo. Mkuu wa kituo naye anajua, nimemweleza mwenyewe, na amenikazia macho tangu siku hiyo. Ni haki yao. Mpaka leo nimepitia makabati mawili na nusu, na za kwangu nyingine zote zimesimama. Zako sikuhitaji kuzigusa, ila nilizipitia pia kwa ajili ya kukuona.

Kwenye barua yangu nilimwomba Dokta jambo moja, kwamba akimpa jina, alitumie lako, hata kama ulikataa. Ulikataa ukidhani kijiji ni cha kweli. Hajanijibu hilo. Ila na yule dundu amemrudisha kwa treni, kwenye kisanduku cha pamba, na kikaratasi kinachosema mwenye kosa alirekebishe.

Yupo hapa mbele yangu sasa. Pembe haijavunjika. Nilitaka kuing'oa ile lebo, nakuambia kweli, kibano kilikuwa mkononi. Halafu nikakumbuka lile sanduku la zamani la wazungu waliotafiti mbung'o, majina ya vijiji yameandikwa hovyo, na mimi nilipotaka kuyabadilisha ulinipiga kofi mkononi. Lebo haing'olewi, ulisema, hata ikiwa imekosea. Unaweka yako chini yake, ili mtu aone kosa na aone na aliyelisahihisha.

Nimekata kikaratasi. Hati yangu si nzuri kama yako, imenibidi niandike mara tatu. Nimeandika: Kibaoni, Mpimbwe, mavi ya ng'ombe, Machi 1996. Lebo ya juu si sahihi. Kosa ni la aliyeokota, si la aliyeandika. Nikaweka jina langu lote. Nimeipitisha kwenye pini ikateleza ikakaa chini ya yako.

Kesho Jumapili Mama Anjela na Anjela wanakuja makaburini na mtoto. Nitakusomea hii mbele yao, maana wao nao walikuona ukiacha kuyaamini macho yako. Baada ya hapo, kama nitaachwa kwenye stuli hii au nitarudishwa Katumba, lenzi hii itakaa shingoni kwangu, na atakayeniuliza swali lako nitamjibu pale miguu yangu ilipokuwa, hata kama jibu litanifukuza.

Pumzika, Mzee wangu. Macho yako yalikuwa mazima mpaka siku ya mwisho. Uliniuliza wapi, nikachelewa kukujibu.

Kibaoni, Mzee. Nilimwokota Kibaoni.

Mwanao,
Spesioza